Kamba ya Mafundo Sitini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kujeruhiwa kwa mwanamke na kufukuliwa kwa kaburi
Shahidi: Kama alivyoandikishwa kwenye daftari la kituo. Nyumbani anaitwa Mama Pacha
Umri: Miaka 26
Kazi: Mkulima
Elimu: Darasa la saba
Makazi: Nyumbani kwa baba mkwe wake (marehemu), nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga
Uhusiano: Mke wa mtuhumiwa, wifi wa majeruhi
Tarehe na saa: 6 Machi, kuanzia saa 4:15 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeolewa miaka mitano. Nina watoto wawili, mapacha wa miezi minane, na nimekuja nao hapa kituoni kwa sababu sina wa kumwachia. Aliyekuwa ananishikia mmoja ndiye aliyelazwa hospitali. Kabla sijaanza, afande amenieleza kwamba sheria hainilazimishi kusema lolote dhidi ya mume wangu. Amenieleza mara mbili, mara ya pili polepole, kama anamwelekeza mgeni njia. Nimeelewa. Nitasema.

Nitaanzia kwenye kamba, maana bila kamba haya mengine hayaeleweki.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima maisha yake yote. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na kamba ya katani, nene kama kidole gumba, yenye mafundo sitini. Kila fundo ni shimo moja la mahindi. Ukiinyoosha kutoka kwenye jiwe la kona, pale barabarani, inafika sawasawa kwenye mpaka wa jirani. Shamba letu lina upana wa mashimo sitini, halipungui wala halizidi. Kila msimu tulikuwa tunaitandaza, mmoja huku na mwingine kule, tunachimba penye fundo, tunasogea, tunaitandaza tena, hadi chini kabisa. Nilipoolewa, kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa kupika. Nilipewa ncha ya kamba. Baba aliwaambia watu, "Kupika anapika, nimeshaonja. Sasa tuone kama anashika sawa." Watu wakacheka. Nilishika sawa.

Baba alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni shemeji yangu, fundi bomba, anaishi mjini na familia yake. Wa pili ni mume wangu, ambaye analima. Wa mwisho ni wifi yangu, fundi cherehani. Ndoa yake ilivunjika mwaka juzi akarudi nyumbani na cherehani kichwani na begi moja mkononi. Hakujaliwa mtoto. Mama yao alifariki kabla sijaolewa.

Mnamo tarehe 11 Januari, siku ya Jumamosi, yapata saa mbili asubuhi, mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe josho na wifi alikuwa sokoni kwenye cherehani yake. Baba aliniita. "Mama, njoo unishikie." Nilishangaa kwa sababu tulikuwa tumeshapanda. Niliwalaza watoto kwenye kitenge pale ukingoni, nikashika ncha ya kamba penye jiwe la kona, yeye akatembea na kamba hadi kwa jirani. Halafu akaanza kurudi, anahesabu mafundo kwa kidole.

Alitoa vitambaa vitatu mfukoni. Cha kwanza kilikuwa chekundu, kipande cha shati la shemeji la zamani. Alikifunga kwenye fundo la kumi na nane kutoka kwenye jiwe. Cha pili kilikuwa cha bluu, cha ovaroli ya mume wangu iliyochakaa. Alikifunga kwenye fundo la thelathini na sita. Cha tatu kilikuwa kimekunjwa ndani ya nailoni. Kilikuwa cha kijani kilichopauka, na kilikuwa na tundu la kifungo. Hicho alikifunga fundo la mwisho kabisa, la sitini.

Nikamuuliza, "Baba, hiki cha nani?"

Akasema, "Hii sare ya shule ya huyu msichana. Nilimtoa darasa la tano aje kunishikia kamba. Mwalimu alikuja hapa mara tatu kumfuata. Nikamwambia, mwalimu, wewe una watoto arobaini, mimi nina shamba moja." Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akabaki ameshika lile fundo.

Akaniambia mgawo wake. Safu kumi na nane za mwanzo, kutoka kwenye jiwe hadi kitambaa chekundu, ni za shemeji, kwa kuwa ana ufundi wake na nyumba yake. Kumi na nane zinazofuata, hadi kitambaa cha bluu, ni za mume wangu. Ishirini na nne zilizobaki, pamoja na kisima, ni za wifi. Maneno yake yalikuwa haya: "Shamba ndilo lilimtoa shule. Acha shamba limlipe."

Nilimuuliza kwa nini asipigilie vigingi moja kwa moja ili kila mtu aone. Akasema, "Nikipigilia leo, kesho watanizika nikiwa hai. Acha tuvune kwanza. Tukishavuna nitawaita wote watatu na jirani yetu wa mashine, niwatandazie wajionee. Nikiondoka kabla, utawatandazia wewe. Wewe unashika sawa."

Alikunja kamba akaitundika stoo, kwenye msumari ulio juu ya magunia. Msumari huohuo ndio tulikuwa tunatundika kamba ya ng'ombe, ile ya nailoni. Sikumwambia mtu yeyote. Hata mume wangu sikumwambia. Kwa hilo ananilaumu, na ana haki ya kunilaumu.

Mnamo tarehe 18 Februari, Jumanne, saa kumi na moja jioni, baba alianguka karibu na kisima akiwa na ndoo mkononi. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Maji yalikuwa bado yanakimbia kwenye udongo lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Mahindi yalikuwa yanafika magotini.

Mazishi yalikuwa kesho yake, tarehe 19 Februari, saa nane mchana. Ninaomba sehemu hii iandikwe vizuri kwa sababu kosa langu liko hapa.

Pacha mmoja alikuwa na homa tangu Jumatatu. Yule mwingine alikuwa analia kwa sababu mwenzake analia. Siku mbili sikuwa nimefumba macho, na jikoni kulikuwa na masufuria manne ya chai ya waombolezaji. Wingu lilikuwa limefunga. Yapata saa nane kasoro dakika kumi, mchimba kaburi mmoja alikuja mbio mlangoni, miguu ina udongo hadi magotini. Akasema, "Mama, kamba! Zetu fupi, na mvua hiyo inakuja!" Nilikuwa nimempakata mmoja ananyonya na mwingine yuko mgongoni. Sikusimama. Nikanyoosha kidole, nikamwambia, "Ipo stoo, kwenye msumari."

Kichwani mwangu nilikuwa naiona kamba ya ng'ombe. Lakini ng'ombe siku hiyo alifungwa kwa jirani ili asisumbue watu, na alifungwa kwa kamba yake. Kwenye msumari ilibaki moja.

Kaburi lilichimbwa kwenye kona ya chini ya kiwanja, nyuma ya banda. Nilifika wakati jeneza linashushwa. Walikuwa wameikata kamba katikati, wakapitisha kipande kimoja upande wa kichwani na kingine upande wa miguuni. Niliona kitambaa chekundu kinapita mkononi mwa mtu. Upande wa pili niliona cha bluu. Cha kijani sikukiona, kilikuwa kimeshapita chini.

Naomba iandikwe kwamba niliona. Niliona na nikanyamaza. Ningepiga kelele, watu wangesema ni uchungu, wangenishika mabega wakanikalisha. Na nilijiambia watazitoa, huwa wanazitoa. Walivuta cha miguuni kikakwama chini ya jeneza. Mvua ikaanza. Mmoja akasema, "Iacheni, msimtikise mzee." Kile cha kichwani kilitoka. Walifukia hadi karibu nusu, kisha yule aliyekuwa nacho akakitazama akasema, "Na hii nayo itarudi nyumbani kufunga nini?" Akakitupa ndani, wakaendelea kufukia.

Hivyo ndivyo baba alivyozikwa pamoja na maneno yake. Aliyeyapeleka huko ni mimi, kwa kunyoosha kidole tu.

(Saa 5:05 tumesimama. Shahidi ananyonyesha. Tumeendelea saa 5:30.)

Mnamo tarehe 27 Februari, Alhamisi, saa tatu asubuhi, kilifanyika kikao cha familia sebuleni. Walikuwepo shemeji, mume wangu, wifi, mimi, na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Vitu vya ndani viligawanywa kwanza, na hapo hapakuwa na maneno mengi. Shemeji alichukua baiskeli na bomba la kupulizia dawa. Mume wangu alichukua ng'ombe na majembe. Wifi alipewa masufuria na kitanda cha marehemu. Alisema, "Ahsanteni," na ndilo neno pekee alilosema kikaoni.

Shamba la ndugu watatu lilipotajwa, shemeji alisema hesabu yake ni nyepesi, mashimo sitini, watoto wa kiume wawili, thelathini kwa thelathini. Jirani akauliza, "Na huyu dada yenu?" Shemeji akajibu, "Huyu yuko nyumbani, nani kamfukuza? Anakaa, anashona, akipata mume mwingine anakwenda. Ardhi umpe, atamwachia nani?"

Hapo nikasema niliyoyajua. Niliyasema yote, kama nilivyoyasema leo, fundo kwa fundo.

Shemeji alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na hiyo kamba iko wapi, shemeji yangu?"

Nikasema, "Iko kaburini."

Alicheka hadi akakohoa, akapigwa mgongo na jirani. Akasema, "Jamani! Shahidi wake marehemu, na hati yake iko chini ya marehemu! Shemeji, wewe umepotea njia, ungekuwa wakili." Jirani naye alitabasamu, akaangalia chini. Mume wangu hakucheka. Aliniambia, "Mama Pacha, nyamaza, unatuaibisha." Nilimjibu, "Baba Pacha, nimemaliza." Wakakubaliana thelathini kwa thelathini, na kwamba vigingi vitapigiliwa Jumanne inayofuata.

Siku hiyohiyo, saa kumi jioni, mimi na wifi tulikuwa kisimani tunaosha vyombo vya kikao. Hakuniuliza habari ya mashimo. Aliniuliza, "Wifi, kitambaa changu kilikuwa cha nini?"

Nikamwambia, "Cha sare yako ya shule. Kina tundu la kifungo."

Aliacha kusugua. Akasema, "Alikihifadhi?" Nikasema ndiyo, ndani ya nailoni. Aliiacha mikono ndani ya maji. Halafu akasema, "Miaka kumi na tisa. Mimi nilijua waliitumia kufutia taa." Akasuuza sufuria ile ile mara tatu.

Sikujua alichokuwa anawaza. Ningejua, ningelala mlangoni kwake.

Mnamo tarehe 4 Machi, Jumanne, saa tatu asubuhi, mume wangu na shemeji walikwenda shambani na vigingi, nyundo na majembe mawili. Wifi aliniambia hataenda sokoni, kichwa kinamuuma. Alinishikia pacha mmoja hadi alipolala, akamlaza, akamfunika. Nilikuwa jikoni napeta mchele. Kulikuwa na manyunyu.

Yapata saa nne nilisikia udongo. Mtu aliyelima maisha yake yote anajua sauti ya udongo unaotupwa, na ilitokea mahali ambapo hatulimi. Nilimweka mmoja mgongoni, mwingine nikambeba, nikatoka. Wifi alikuwa ndani ya kaburi la baba yake, amezama hadi kiunoni. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya mvua za wiki ile. Alikuwa anachimba taratibu, na udongo alikuwa anauweka upande mmoja, ameupanga, kama mtu anayetaka kurudisha kila kitu kilipokuwa.

Nikamwambia, "Wifi, toka. Tafadhali toka humo."

Akasema, "Sifiki kwake. Nikiipata tu natoka. Sitamgusa."

Naomba iandikwe kwamba hakufika kwenye jeneza na hakukusudia kufika. Alitupa jembe, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono, na akaipata ncha ya kile kipande cha kichwani, kile kilichotupwa baadaye. Alikivuta kikatoka chote. Alianza kupitisha fundo moja moja kwenye vidole, anatafuta. Alifika kwenye kitambaa chekundu, akakipita, akaendelea hadi mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena. Nilimwona usoni alipojua. Kile kilikuwa kipande cha kwanza, fundo la kwanza hadi la thelathini. Cha bluu na cha kijani viko kwenye kipande cha pili, chini ya jeneza.

Wakati huo mume wangu na shemeji walikuwa wanakuja mbio, nadhani waliona tumesimama. Shemeji alipiga kelele, "Anamtoa baba! Anamtoa baba!" Mume wangu alikuwa mbele, na jembe lilikuwa mkononi. Nilisimama katikati nikiwa na watoto wote wawili, nikasema, "Baba Pacha, ni kamba tu! Ni kamba!" Akanipita. Hakunisukuma. Alinipita.

Alimwambia dada yake, "Achia!" Wifi akakumbatia kamba kifuani. Akamwambia tena, "Achia, nakuambia!" Akapiga.

Alipiga mara moja. Sitasema mara mbili, maana haikuwa mara mbili. Wala sitasema hakupiga. Anasema alilenga kamba, na mimi ninaamini alilenga kamba, lakini kamba ilikuwa mkononi mwa mtu. Jembe liliingia mkono wa kulia, upande wa vidole. Wifi hakupiga kelele. Alitazama mkono wake kama mtu anayetazama nguo iliyokatwa vibaya.

Mume wangu alitupa jembe. Alishuka kaburini, akavua shati, akaufunga ule mkono, anafunga huku anasema, "Dada, dada, dada," hakuwa na neno jingine. Yeye ndiye aliyembeba hadi barabarani kutafuta usafiri. Hilo nalo ni kweli na liandikwe.

Kamba ilibaki kwenye udongo. Shemeji aliiokota, akahesabu mafundo. Alipoona kitambaa chake kiko fundo la kumi na nane, alisema, "Choma hii kitu." Nikasema, "Nipe." Akasema, "Shemeji, fikiri. Mimi inanipa kumi na nane. Zilizobaki haisemi za nani. Zilizobaki ni za mumeo, arobaini na mbili. Watu watasema ni wewe uliyemtuma huyu mjinga achimbe." Nikamwambia waseme. Nilimlaza mtoto juu ya nyasi, nikashika ncha ya kamba nikavuta, naye akavuta. Mtoto alipoanza kulia ndipo alipoiachia. Niliifunga kwenye kitenge cha mtoto na ndiyo niliyoileta hapa mezani.

Aliyosema shemeji nimeyafikiria usiku na mchana. Ni kweli kwamba kipande hiki, kikisomwa peke yake, kinanitajirisha mimi na kumwacha wifi bila kitu. Ndiyo maana nasema hapa, mbele ya afande, na nikiitwa mahakamani nitasema tena: mume wangu ana kumi na nane. Hana moja zaidi. Ishirini na nne na kisima ni za wifi yangu. Niliyeshika ncha ya kamba siku hiyo ni mimi.

Mnamo tarehe 5 Machi, Jumatano, saa sita mchana, nilikwenda hospitali kumwona. Amelazwa wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kuna askari amekaa kwenye benchi nje kwa ajili yake, kwa sababu anatuhumiwa kufukua kaburi. Wamemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Vimebaki gumba na kidole kidogo. Nilimpelekea uji, nikamlisha kwa kijiko kama ninavyolisha hawa wangu. Aliniuliza, "Umekiona?"

Nikasema, "Chekundu tu, wifi."

Akasema, "Basi kipo kule kwa mwenyewe." Akageukia ukutani. Kisha akasema, "Waambie wachukue. Zote. Mimi shamba la nini tena, na mkono huu? Nitashikia jembe na nini? Nitashika sindano na nini?"

Nilimwambia kusema nitasema, atake asitake. Akasema, "Mumeo je?" Nikamfuta mdomo nikaondoka, maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika.

Hilo swali lake ndilo nimelala nalo. Mume wangu yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu. Nimemsikia akikohoa mara mbili tangu nianze kuongea, na huyu mdogo naye amemsikia, amegeuza kichwa kutafuta. Si mtu mbaya. Hawa watoto walipozaliwa, wiki mbili nzima alilala amekaa, mmoja kifuani, ili mimi nilale. Ningeweza kusema sikuona, nilikuwa nimegeuka, nina watoto mkononi. Kila mtu angeniamini. Angerudi nyumbani, tungelima arobaini na mbili, na wifi angekaa chumba cha nyuma na mkono wake hadi azeeke. Na kila nikitandaza kamba mpya ningefika fundo la thelathini na sita nikajua.

Sijui nitaishije pale baada ya leo. Shemeji ameshasema nisirudi kwenye ile nyumba. Kwetu hakuna nafasi, mama yangu ana chumba kimoja na wajukuu wanne. Lakini hayo hayamo kwenye niliyoyaona, kwa hiyo nitaishia hapo.

Nimesomewa yote tangu mwanzo. Hakuna nililoongezewa wala nililopunguziwa, isipokuwa pale nilipoomba pasahihishwe. Ni maneno yangu na niko tayari kuulizwa juu yake popote.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, mtoto akiwa mkono wa kulia)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, kwa hiari yake, baada ya kumfahamisha haki yake kama mke wa mtuhumiwa. Nimemsomea na ameyathibitisha. Mahali nilipoandika "shamba la ndugu wawili" aliomba nifute, niandike "watatu". Nimefanya hivyo na wote wawili tumeweka sahihi fupi pembeni.

Kielelezo kilichopokelewa: kipande kimoja cha kamba ya katani, chenye udongo na damu, mafundo thelathini, kitambaa chekundu kwenye fundo la kumi na nane. Mafundo nimeyahesabu mara mbili mbele ya shahidi. Kipande cha pili hakikupatikana. Kaburi lilifukiwa tena jana saa tisa alasiri kwa maagizo, na halitafunguliwa.

Maelezo yamefungwa saa 7:20 mchana. Shahidi alipokuwa anasimama aliniuliza karatasi hizi zinahifadhiwa kituoni kwa miaka mingapi. Nikamwambia sijui kwa uhakika. Ameomba kusubiri kidogo kwenye benchi la nje kabla ya kuondoka, kwa kuwa hajaamua aelekee upande gani.